Kumwaga Oili Mbele ya Mama Mkwe

Kijiji cha Kiranjeranje,
Kilwa.
11 Agosti, 2024

Mpendwa kaka yangu Ridhiwani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, kaka. Nakuandikia nikiwa kibarazani baada ya alasiri. Upepo unaleta harufu ya maua ya mikorosho, nimekukumbuka mpaka nimeona leo nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu nasema haraka, halafu nusu ya niliyotaka kusema inabaki kifuani.

U hali gani huko Tunduma? Baridi imepungua? Kifua cha shemeji Esha kimetulia? Sisi huku alhamdulillah, wazima. Goti langu linaniuma nikiinuka kwenye sijda, lakini hilo ni la umri, nimelipokea. Ufuta tumeshavuna na kupepeta, sasa macho yote yako kwenye korosho.

Kifurushi chako kilifika salama. Yule dereva wa basi alikishusha pale barabarani kwa heshima zote, kimefungwa kama dawa. Shemeji yako Somoe alipokifungua na kukuta kile kijikoki cha shaba na mpira wake, akasema, "Kaka yako katuma koki ya pipa la maji, mbona ndogo?" Nikamwambia hii ni ya gari. Inakaa chini ya injini, penye ile nati ya kumwagia oili, na ikishakaa hapo nati huigusi tena. Unachomeka mpira, unageuza kishikio kwa vidole, oili inashuka yenyewe. Somoe akanitazama kama mtu anayesimuliwa ndoto.

Uliponiuliza kwenye simu kwa nini naitaka kwa haraka vile, nilikwepa, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa amekaa karibu. Sasa nikwambie.

Mama Somoe anaishi na sisi tangu baada ya Idi. Kule Songo Mnara alikuwa amebaki peke yake, na presha yake haitaki mtu wa kuvuka maji kila anapohitaji dawa. Tulimwomba sana, naye akaja. Ila unaujua ukwe wa kwetu. Mimi na yeye hatukai mkeka mmoja, hatutazamani usoni, neno lake kwangu linapita kwa Somoe na langu kwake vilevile. Hilo halinipi tabu, ndiyo adabu tuliyolelewa nayo.

Tabu ilikuwa gari. Wewe unanijua, oili ya pikapu yangu sijawahi kumwachia mtu. Nilikuwa natandika jamvi kuukuu, navua shati, naingia chini, nalegeza nati na kuiacha injini itoe uchafu wake. Na siri yangu ni hii, kaka: oili ikishakwisha, mimi nilikuwa sitoki. Kuna kaubaridi fulani chini ya gari. Mwanga unaingia pembeni tu. Unaona miguu ya kuku ikipita, unasikia matone yanavyoanguka kwenye karai, tone, kimya, tone, nami nikisoma tasbihi kwa vidole vyenye grisi mpaka sijui kama ni macho au nimelala. Mara nyingine nilimwona marehemu baba pale kando yangu, amekaa tu, hana haraka.

Basi siku moja niko hukohuko, miguu iko nje mpaka magotini na suruali imepanda. Mama Somoe alikuwa anarudi kuchuma kisamvu. Kufika pembe ya nyumba akaiona miguu ya mkwe wake imelala wazi uani. Kupita hakuweza, kukohoa akaona aibu. Akajibanza nyuma ya migomba, juani, akingoja nitoke. Nami natoka saa ngapi? Somoe ndiye aliyemkuta, ameshika mgomba, jasho linamtiririka, maneno hayatoki vizuri. Na gari lenyewe halina oili hata tone! Nilifunga nati na kumimina oili mpya, ndipo tukamkimbiza zahanati. Mwenyezi Mungu alitustiri, akapata nafuu.

Tangu siku hiyo nikaacha. Gari nikawa nalipeleka gereji Nangurukuru, nakaa kwenye benchi kama mgonjwa, natazama miguu ya mtu mwingine chini ya gari langu. Nikadhani nimeyamaliza. Kumbe Mama anaona. Siku moja akamwambia Somoe jikoni, na ukuta wetu wa jikoni unajua ulivyo, nikasikia kila neno.

"Mwanangu, mumeo nimemtoa kwake."

"Umemtoa wapi, mama? Si huyo yupo?"

"Yupo kama mgeni. Shati havui, gari anawapelekea watu. Mkimaliza ufuta wenu mimi narudi Songo Mnara."

"Ukaanguke huko peke yako?"

"Nikianguka kwangu simzibii mtu njia."

Somoe alilia mpaka macho yakavimba. Na mimi, mkwe, siwezi kwenda kumkalia mtu mzima yule mbele nikamwambia usiondoke. Kwa mdomo wa Somoe nilituma maneno yote mazuri niliyo nayo, yakarudi vilevile: atakwenda, na huko ataanguka siku ambayo hakuna wa kumwinua. Nikaona hapa maneno hayafui dafu, mpaka aone kwa macho kwamba hajanizibia njia. Ndipo nikakupigia wewe.

Siku aliyokwenda hitima kwa jirani nikaingia chini ya gari kuifunga ile koki. Nati ya zamani ilitoka kwa kilio. Koki yako ikakubali uzi, nikaikaza na washa yake, ile pete ya kuzuia kuvuja, na kile kibanio cha kuzuia kishikio nikakikagua mara mbili tatu, isije jiwe la barabarani likakigonga. Oili niliyoikinga kwenye karai safi nikaichuja kwa kitambaa na kuirudisha ileile, maana kuimwaga nilitaka niimwage mbele yake.

Kesho yake baada ya adhuhuri nikavaa kanzu nyeupe na kofia, kama mtu anayekwenda maulidini. Nikawasha injini kidogo oili ipate joto, nikazima. Mama alikuwa hapa kibarazani na Somoe wanachambua mchele, ameupa ua mgongo kama kawaida yake. Nikapiga goti moja penye gurudumu la mbele, nikaingiza mkono, nikachomeka mpira, nikageuza. Ikaanza kushuka kwenye dumu, nyembamba, polepole kuliko zamani, nyeusi inayong'aa, haina hata sauti. Nikasimama kando, mikono nyuma, kanzu haina doa.

Kutazama, Mama amegeuza shingo, kanga ameishika mdomoni.

"Somoe, muulize baba watoto, hilo gari linakojoa?"

Nikasema, "Mwambie mama linatoa oili chafu."

"Naye amesimama tu hivyo?"

"Mwambie mama ndivyo ilivyo sasa. Kuingia chini hakuna tena."

Akafikiri. "Haya, muulize, siku zote zile kule chini alikuwa anafanya nini?"

Kaka, kwa mkwe sikuweza kudanganya. "Mwambie mama nilikuwa nalala."

"Ala! Mwambie kitanda kipo!"

Somoe alimwaga mchele. Mama Somoe alicheka mpaka kanga ikamtoka kichwani, na mimi miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko chake. Ni kicheko cha msichana, kaka. Nilitazama chini, lakini nilicheka pia.

Sikufichi, napatamani pale chini. Alasiri nikipita karibu na gari, mwili wenyewe unataka kuinama. Najiambia Mungu ana vivuli vingi, atanionyesha kingine.

Dumu lilipojaa nikalibeba nimpelekee jirani yetu Kornelio, alikuwa ameniomba oili chafu ya kupaka uzio wake. Mama akamwambia Somoe, sauti juu ili nisikie, "Mwambie asiitoe. Chumba ninacholala mchwa wameanza kupanda nguzo. Mvua zikija zitakuta zimeshaliwa." Akachukua kitambaa, akachutama, akazipaka mwenyewe moja moja mpaka mkono ulipofika. Somoe akanitazama. Mvua zetu unazijua, bado miezi, na ufuta tulishaumaliza. Songo Mnara hatukuitaja, tukaogopa kuliharibu jambo. Sasa chumba kizima kinanuka gereji, na mwenyewe anasema amelala vizuri.

Msalimie sana shemeji Esha na watoto wote. Shangazi Pili anakuulizia kila Ijumaa. Kornelio naye anakusalimu, uzio wake nimemwahidi oili ya safari ijayo. Somoe anasema ahsante, na Mama Somoe, kwa mdomo wa Somoe, anakuombea dua.

Mola akukinge barabarani na nyumbani, akupe riziki yenye baraka, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Alfani