Harufu ya Kiwanda cha Ngozi

Nakuru, 2008

Mjukuu wangu Wambui,

Hatujambo. Ng'ombe wetu amezaa, na majirani waliokimbia ghasia za uchaguzi wameanza kurudi. Umeniambia kwamba bakteria unaowalisha salfa kwenye mitungi ya maabara hutoa gesi ya kusafishia maji ya migodi, lakini inakuacha ukinuka mayai yaliyooza, na sasa unaona haya kukaa na wenzako.

Babu yako alinuka hivyo hivyo kwa kazi ya kiwanda cha ngozi. Alipokuja kunichumbia, alikaa mlangoni.

"Mbona umekaa huko?" nikamuuliza.

"Nanuka, Nyambura."

Nikabeba kiti changu nikaenda kukaa karibu naye. Alicheka mpaka akatoa machozi.

Usijitenge, mama. Koti lake la kazi bado liko chumbani kwangu, na sijawahi kulifua.

Nyanya yako