Fa'asamoa ya Kaka Yangu

Mpendwa Mama Fetu, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika. Miaka mitatu iliyopita Sefo, mwanamume niliyempenda na ninayempenda bado, alirudisha lori nyuma bila kutazama akamvunja mguu kaka yangu Pouono, mkuu wa ukoo wetu, na badala ya kuja na wazee wake kupiga magoti mbele ya nyumba yetu, wamejifunika mkeka mwororo mpaka aliyekosewa awafunue kuwasamehe, kama tunavyoombana radhi, aliogopa akapanda feri kwenda Apia, na tangu hapo jina lake halitajwi kwetu, nami kila feri ikipiga honi naacha kufuma nasimama kama mjinga.

Kaka yangu kila kitu anakipima kwa neno moja, fa'asamoa. Nikicheka barabarani, si fa'asamoa. Nikinyamaza, "Dada mnunaji! Hiyo nayo si fa'asamoa." Siku moja nikamwuliza, "Kwani kaka, maana yake nini?" Akagonga mkongojo, "Maana yake nilivyosema mimi!" Wajomba wakacheka.

Sasa Sefo kaleta ujumbe kwa binamu yangu: "Mwambie Leitu nimechoka kukimbia, nakuja Jumamosi na baba yangu kuomba radhi, ila mkeka hatuna." Pouono kasikia, kaapa kuwaacha juani mpaka waanguke. Mimi ninao mkeka, nimeufuma miaka sita, laini kama nywele za mtoto. Je, nimpelekee kwa siri?

Leitu, Savai'i

Leitu mwanangu, pole. Lakini mkeka huo usitoke! Mkeka wa nyumba iliyokosewa haumfuniki mkosaji. Mtakuwa mnajiomba radhi wenyewe, na kaka yako ataitambua kazi ya mkono wako kabla hajaushika. Sefo aende kwa shangazi zake, aombe, aone haya. Alikimbia miaka mitatu, haya kidogo haitamuua.

Na hilo neno lisikutishe. Fa'asamoa ni "kwa namna ya Samoa", basi. Watu wanalitumia kufunga midomo ya wenzao, kukwepa kazi, hata kujikatia pande nono la nguruwe. Lakini ndani yake limo na hili ambalo kaka yako halitaji: dada ni mboni ya jicho la kaka yake. Wewe unamheshimu, naye anapaswa kukulinda usiumie. Umelisahau hilo nawe pia, ndiyo maana unafikiria siri.

Leo baada ya sala ya jioni keti mbele yake, usilie. Sema: "Kaka, nampenda Sefo. Mguu ni wako, na kusamehe ni kwako. Ila ukimwacha juani, nitatoka nikae juani naye." Kisha nyamaza. Akifoka, mwache afoke.

Na Jumamosi, Pouono akitoka kuwafunua, usimkimbilie Sefo. Mwinue baba yake kwanza.