Leo Amekataa Mgongo

Kijiji cha Daudi, Mbulu
Jumapili jioni

Mpendwa Baba Fabiola,

Tunamshukuru Mungu, wote tu wazima. Maharage yametoa maua, na ng'ombe wa mama yako amezaa ndama jike. Mama anakusalimu, anauliza kama huko Dodoma unakula ukashiba.

Asubuhi tukitoka kwenda kanisani, niliinama nimbebe Akonaay kama kawaida. Akarudi nyuma.

"Mama, mgongo ni wa watoto."

Dada yake Fabiola akamcheka, "Kwani wewe ni mzee?"

"Mzee kidogo."

Akatembea mpaka kanisani, viatu amevigeuza, cha kulia mguu wa kushoto, na hakulia.

Unajua nilivyokuwa nikilalamika kwamba huyu mtoto ananimaliza mgongo. Leo ulikuwa mwepesi, na misa nzima nilikuwa kama nimesahau kitu nyumbani. Nikamshukuru Mungu kwa miguu ya mwanangu, ila nikaona kweli hawa watoto ametuazima tu, na muda wenyewe ni mfupi.

Ndiyo maana nakujibu kuhusu mkataba mpya wa kazi huko. Umesema ni miaka miwili tu, tupate nyumba ya matofali. Usisaini, mume wangu. Hii ya udongo haivuji, na wote tunaenea. Wewe ni fundi mzuri, lakini Akonaay akishakua huwezi kumrudisha awe mdogo.

Mkataba huu ukiisha, panda gari uje. Nimemuuliza: mabegani kwa baba bado anakubali.

Mkeo akupendaye,
Agripina