Mwanahawa Amekuja Kumtazama Mgonjwa

Mambrui, 1984

Sahibu yangu Athumani,

Salamu nimeshakupa asubuhi pale makaburini, na hukuitika, kwa hivyo hapa naingia moja kwa moja. Mpaka wa kwenda kwenu Tanga umefunguliwa.

Najua hutaamini. Umefunguliwa mwisho wa mwaka jana, miezi michache tu baada ya sisi kukufukia. Wakubwa wa nchi zote tatu walikaa, wakagawana ndege na mabehewa na meli za ile Jumuiya, wakapeana mikono, wakapigwa picha wanacheka. Picha hiyo niliipata kwa njia yangu ileile, ndani ya rundo la magazeti ya kilo ninayofungia bajia. Sikumfungia mtu. Nimeibandika ukutani juu ya karai, pale ulipokuwa ukiegemea. Imeshaingia mafuta, nyuso hazionekani vizuri, imebaki mikono.

Unakumbuka siasa tulivyokuwa tukizisoma, vipande vipande, za mwezi uliopita na kila mara zimechanika. Siku ile tulisoma kwamba wajumbe wamekubaliana kwa kauli moja, na kipande cha pili kimeshaondoka na bajia za Mama Rukia. Ukamkimbilia, wewe mtu mzima na kanzu yako, hadi karibu na msikiti, ukamwomba afungue kifurushi. Ukarudi polepole. Nikakuuliza, wamekubaliana nini? Ukasema, "Wamekubaliana kukutana tena." Nilicheka mpaka karai zima likaungua. Wewe hukucheka. Sasa ndiyo naona kwa nini.

Lakini na wewe, yakhe. Vanga pale mpakani si mbali. Watu walikuwa wakipita kila wiki, na mke wangu Zuhura alikwambia mara ngapi kwamba hata mbuzi wa Vanga hawana khabari kuwa pale pana nchi mbili. Wewe ukawa bwana forodha hata baada ya forodha kufa. Serikali tatu zilikutoa kwenu Tanga zikakuweka bandarini Malindi, ukawakamata watu na karafuu zao za magendo. Zilipogombana mwaka wa sabini na saba, mpaka ukafungwa, ukabaki wewe huku na mkeo Mwanahawa kule. Ukasema, "Siwezi kupita mlemle nilimowatoa wenzangu." Na mkeo ukamkataza asipite. Ukaomba ruhusa ya halali, ukaambiwa lete barua ya mwajiri. Mwajiri mwenyewe, ile Jumuiya, ndiye aliyekuwa akigawanywa.

Basi ukaja kukaa chumba changu cha uani mpaka mambo yatengenee. Miaka sita. Nikawa nakutania, nakuita mgeni rasmi.

Homa ilikushika mwanzo wa Shaabani na haikukaa sana, unajua mwenyewe. Nilichotaka kukueleza ni kilichofuata, maana wewe ulikwisha ondoka.

Nilimtuma Juma, yule muuza dagaa wa Vanga. Nikamwambia maneno mawili matupu: mwambie Mwanahawa, Athumani amefariki. Juma akavuka kwa njia zake, akafika Tanga, akamkuta mkeo peke yake mlangoni, hana kaka wala shangazi karibu. Sasa Juma ni mtu wa adabu. Nani kwetu anamwambia mwanamke khabari ile mlangoni, amesimama, peke yake? Akafanya kama tunavyofanya sote. Akasema, "Athumani hajambo kidogo, ana homa. Ukipata nafasi, uende." Ili aje, akute watu wamekaa, akina mama wamshike, na mzee amalize maneno. Ndivyo mimi nilivyoambiwa kuhusu baba yangu. Ndivyo wewe ulivyoambiwa kuhusu mama yako.

Ila safari hii, wa kumalizia maneno alikuwa ng'ambo ya mpaka. Juma hakurudi kwangu kunieleza alichosema; biashara yake ilimpeleka Pemba. Mimi nikajua mkeo anajua. Mkeo akabaki na mgonjwa.

Mpaka ulipofunguliwa alikuwa katika basi za mwanzo. Tulimwona anaingia kwa mlango wa uani, Athumani, na kikapu. Asali, habasoda, samli ya kukukanda, na kanzu mpya kwa siku utakayoinuka. Amejipamba. Hina mpaka kwenye viganja. Akatoa salamu, akakitazama chumba chako, na mlango wake ulikuwa wazi na ndani Zuhura ameweka magunia ya viazi.

Nilimpokea kikapu.

Zuhura alimshika. Alipotulia aliomba kitambaa cheupe akae eda. Tukamwita sheikh wa mtaa, na sheikh naye alikuwa taabani, anafutafuta miwani. Akaeleza kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata khabari. Miezi minne na siku kumi zimeshapita. Zimekwisha Mfungo Tatu, kwenye Idi ya kuchinja. Hadaiwi kitu. Alisema hivyo kama anampa nafuu.

Mwanahawa akatazama mikono yake. Akasema, "Mfungo Mosi, ndani ya siku hizo, nilikuwa harusini. Nilicheza." Halafu akasema, "Basi nirudishieni siku zangu." Wakubwa waligawana mpaka viti vya ofisi, sahibu, lakini siku zile hakuna aliyeziweka mezani, na sijui ningeziombea wapi.

Nilimwomba radhi kwa niaba ya Juma. Akanijibu kwa utaratibu kabisa. "Shemeji, nilijua. Maneno yale nani hayajui? Lakini hakuna aliyekuja kuyamaliza, nikayashika kama yalivyo. Kila alfajiri namwombea mgonjwa wangu."

Alikaa wiki moja. Alikwenda kaburini na Zuhura, akarudi, akatupikia. Kanzu ameiacha msikitini. Asali ameniachia mimi, na siwezi kuionja wala kuiuza.

Nikamsindikiza hadi Lunga Lunga, kituo cha mpakani. Kijana wa forodha pale amevaa kofia kama yako, iliyonyooka kama yako, akapekua kikapu kitupu kwa heshima zote. Akamuuliza alikuja kufanya nini Kenya. Akasema, "Kumtazama mgonjwa." Yule kijana, mtoto wa watu, amelelewa vizuri, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Mwanahawa akanigeukia mimi.

Nikasema, "Hajambo kidogo."

Akapigiwa muhuri. Akavuka kwa miguu, bila kugeuka.

Lala, bwana forodha. Mpaka umepitwa kihalali, kama ulivyotaka. Kaburi lako nalipalilia kila Alhamisi na chumba nimekitoa viazi. Nakuahidi jambo moja tu, maana mengine hayamo mikononi mwangu: siku nitakayoletewa khabari kutoka Tanga kwamba Mwanahawa ana homa kidogo, sitauliza zaidi. Nitazima moto wa karai na kupanda basi siku ileile, pamoja na Zuhura, sanda kwenye kikapu, nikiomba wakubwa wasiwe wamegombana tena.

Ndimi sahibu yako,
wa karaini