Penye Moto wa Mkaa

Jumapili, 9 Machi

Padri katupatia kazi ya Kwaresima. Ingieni ndani ya Injili, kasema, mjione mmesimama wapi, msichungulie dirishani. Nimechagua ua wa kuhani mkuu, pale Petro anapoota moto na kumkana Yesu mara tatu. Nikakaa kibarazani, nikafumba macho. Nikausikia mkaa ukitatarika. Viganja vingi vimenyooshwa juu ya moto, sura sizioni... Halafu nikasinzia! Mke wangu kanikuta mdomo wazi. Eti, hiyo ndiyo sala?

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribu tena karakanani, saa ya chakula. Pasi yetu ni ya mkaa, harufu ipo bure. Nikazama ndani. Ua una sakafu ya mawe, baridi inapanda miguuni. Mimi ni mpuliza moto tu. Simjui Petro, simjui Yesu. Raha kweli! Nani atamuuliza mpuliza moto?

Nilipofumbua macho, yakatua kwenye cherehani ya Dada Sindano, mshonaji mwenzangu. Imefunikwa shuka tangu wiki iliyopita.

Basi niandike, hapa hasomi mtu. Mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja. Vipande vyote hukatwa vikielekea huko huko. Ukigeuza kimoja, gauni linaonekana la rangi mbili. Mkataji ni mimi. Kitambaa cha gauni la mteja kilipelea, nikageuza nusu ya mgongo juu chini ili kitoshe. Nilijua. Sindano alishona alichopewa. Bosi kuliona tu — nusu damu ya mzee, nusu nyekundu — akauliza nani kaharibu. Nikasema mimi nilikata sawa. Sindano akaniangalia. Akaambiwa akae nyumbani.

Jumatano, 12 Machi

Mwenye gauni kaja. Akaniuliza kama ni mimi niliyekata. Nikamjibu kwamba aliyeharibu hayupo tena. Ulimi hauna mfupa! Uso ulinichoma mchana kutwa.

Alhamisi, 13 Machi

Leo sikuingia, ua umenifuata wenyewe. Nilikuwa napiga pasi kola ya shati, mara mawe yale chini ya miguu. Mjakazi, yule anayemuuliza Petro, anazunguka na taa. Anawapita wote, anasimama kwangu. Uso wa Sindano! Kabana pini midomoni, kama anavyofanya akipima mtu, kwa hiyo hasemi. Anangoja nimalize kupuliza. Nami napuliza, napuliza, na moto ulishazimika zamani.

Shati limeungua kola.

Naogopa. Mkataji aliyegeuza mahameli kwa makusudi, nani atamkabidhi kitambaa tena? Nina watoto wawili. Lakini Sindano naye anamuuguza mama yake. Na Petro naye alikuwa na mama mkwe mgonjwa! Naona haya, haya hasa.

Ijumaa, 14 Machi

Sindano kaja kuchukua mkasi wake. Kasimama kizingitini. Umeamkaje, kaka? Hivyo tu, bila kinyongo. Bora angenitukana.

Bosi katandaza gauni juu ya meza yangu. Anaupapasa mgongo, juu chini, chini juu. Mimi naandika hapa pembeni, najifanya napanga vipimo. Mkaa unatatarika ndani ya pasi. Baridi miguuni — na sakafu yetu ni ya mbao!

Bosi kainua kichwa. Anauliza, mbele ya Sindano sasa, nani alikata mgongo huu.

Mara ya tatu hii.

Sindano hanitazami. Anautazama mkasi. Nimesimama. Naweka kalamu —