Gita Moja, Picha Thelathini na Moja

Ofisi ya Bima ya Ala za Muziki,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi.
Jumanne, tarehe 11 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu nililelewa hivyo, usiipe maana zaidi ya hapo. Natumaini u mzima, na kwamba ule mgongo uliokuzuia kuja kumwona Mama alipolazwa sasa umenyooka. Sisi hatujambo. Mama anatembea bila fimbo. Mimi nina mawazo tu. Mawazo yenyewe ndiyo haya ninayokuandikia.

Kazi yangu unaijua, maana umeitumia. Hata hivyo nitaieleza, usije ukasema hukuelewa. Tunauza bima ya ala za muziki peke yake: magita, vinanda, tarumbeta, ngoma za kwaya. Mwenye kampuni zamani alikuwa fundi wa vinanda, na tunamwita Mama Sauti kwa kuwa husikia hata usichosema. Fedha za kutangaza redioni hatuna, kwa hiyo aliamua tutafute mtandao wa watangazaji. Wenye kurasa na video zao huweka kiungo chetu, na mtu akikata bima kupitia kiungo hicho, wao hupata kamisheni. Mitandao ya namna hiyo ni mingi kama utitiri. Mimi, karani niliye bado kwenye majaribio, nikapewa kazi ya kupendekeza mmoja.

"Chagua kama mtu anayenunua viatu vya safari ndefu," aliniambia. "Usidanganyike na kung'aa."

Nilijaribu mitatu, kila mmoja wiki mbili. Wa kwanza ni mkubwa mno, hutangaza kila kitu kuanzia ndala hadi dawa ya chawa, na watu waliotuletea wengi waliuliza kama tunakopesha. Wa pili ni wa walimu wa muziki na viongozi wa kwaya. Hao ni wagumu! Walitaka kuusoma mkataba wote kwanza, wakabishana nami kuhusu gita lililoliwa na mchwa, na kila tangazo waliniletea nilipitie kabla halijatoka. Wateja wao walikuwa tisa. Mhasibu wetu alicheka: "Tisa? Hao hata timu ya mpira hawajafika!"

Wa tatu niliuweka kwenye orodha kwa sababu yako. Ulinipigia simu ukasema ni wa rafiki yako, mtu mwaminifu, nami sikuuliza zaidi. Ukaleta waombaji thelathini na mmoja. Ofisi nzima ilinipigia makofi. Mhasibu akaanza kuniita Bingwa.

Fomu yetu inadai picha ya mwombaji akiwa ameshika ala yake. Ijumaa, wenzangu walipotoka kwenda kula, nilibaki nikizibandika picha kwenye majalada. Kijana mwenye kofia na gita. Mwanamke mwenye miwani na gita. Kwenye ya tano mkono wangu ulisimama. Ubavuni mwa gita palikuwa na kiraka cha mbao ya njano, na juu yake tarakimu: 12, 13, 14, 15, 16, 17.

Ile ni rula yangu ya darasa la tatu. Baba aliikata mbele ya macho yangu ili azibe ufa, nikalia, akanipigia gita hilo hilo mpaka nikacheka. Wiki moja baada ya kumzika ulilichukua, ukamwambia Mama unalipeleka kwa fundi likabadilishwe nyuzi. Mwaka wa sita huu nyuzi zinabadilishwa! Fundi gani huyo, anazifuga?

Niliziangalia picha zote. Watu thelathini na mmoja, gita moja, na nyuma yao pazia lile lile la maua la sebuleni kwako. Hata pazia uliona uvivu kulitoa. Ya ishirini na nne ni Mama Mdogo mwenyewe, eti mpiga gita wa kwaya, na gita amelishika kichwa chini.

Nilipokupigia simu hukukana, wala hukukana kwamba huyo rafiki hayupo na mtandao ni wako. "Mwanangu, bima hailii. Nyamaza tule, fungu lako lipo." Nilipokataa, sauti yako ilibadilika: "Basi nitamwambia bosi wako kwamba wewe ndiye uliyenifungulia mlango. Tuone atamwamini nani."

Siku tatu sikumwambia mtu. Ulijua ninavyoogopa, na ulijua kwamba mlango kweli niliufungua mimi. Leo kamisheni, kesho magita thelathini na moja "yameibiwa," fidia inadaiwa, na kila jalada lina saini yangu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wewe ulikusudia kumaliza sahani.

Jana asubuhi niliingia kwa Mama Sauti na ile picha ya tano pamoja na kipande cha rula kilichobaki, sifuri hadi kumi na moja. Ndicho ninachopigia mistari ofisini hadi leo. Alivilaza pamoja mezani.

"Huyu mwenye mtandao ni nani wako?"

"Baba yangu mdogo."

"Ulijua lini?"

"Ijumaa, mama."

"Na leo ni Jumatatu."

"Niliogopa."

 Aliiinua picha, akakitazama kiraka kwa miwani yake ya ufundi. "Aliyeziba hapa alikuwa na mkono wa fundi," akasema.

Amewachagua walimu. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio kwa ajili ya zile siku tatu za kunyamaza, na sina la kulalamika. Majalada yako yamo kwenye droo yake hadi Ijumaa saa kumi jioni. Gita lisipokuwa mezani kwangu saa hiyo, yanakwenda polisi. Nilimshukuru kwa kukupa muda, akanikata kauli: "Muda huo simpi yeye, ni wa gita."

Kwa hiyo usimpigie Mama simu ya machozi, wala usitume wazee waje kusuluhisha. Tuma gita. Legeza nyuzi kwanza, liweke kwenye kasha gumu, ujaze nguo pembeni lisitikisike. Wewe mwenyewe usije.

Nisalimie Mama Mdogo, mwambie shingo ya gita hukaa juu. Wabusu wadogo zangu mapacha, hao hawana kosa na nimewakumbuka. Mungu akulinde, na sisi atulinde nawe.

Juu ya meza yangu kuna fomu moja mpya. Nimeijaza yote: aina ya ala, umri wake, alama ya utambulisho. Penye jina la mwenye mali nimeandika la Mama. Imebaki picha tu, na Mama amekwisha kuchagua gauni.

Ni mimi, ambaye hata leo ni mtoto wa kaka yako.