Nani Alizima Injini

Baba Erchim,

Maziwa yameganda barazani. Mvunjie mtoto kipande, ukichemshe. Ingiza na mapande mawili ya barafu yayeyuke, maji ya kunywa yamekwisha. Jiko la kuni lisizimike, maana naona siku hizi mkono wako unapenda kuzima vitu.

Asubuhi nimeikuta injini ya lori kimya. Kwenye baridi hii ikizimwa usiku, inaamka jiwe. Kaka yako Aisen amelala kwenye theluji chini yake, akaipasha kwa moto wa gesi mpaka ikakubali. Anakutetea, eti ulisahau. Majira yote ya baridi hujasahau, usahau leo ninapovuka mto Lena na shehena ya unga? Tena ulikuwa unakoroma kwa bidii, blanketi hadi kichwani. Wewe hukoromi, bwana.

Barafu ya mto imeshika, nimemuuliza aliyevuka jana. ~~Usinisubiri.~~ Nisubiri Alhamisi, na supu ya samaki.

Siku nyingine ukitaka nisiende, niambie. Ningekwenda vilevile, lakini ningekwenda nimeambiwa.

Mkeo,
Mama Erchim